Iache Iite

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa bibi harusi wako, ambaye sasa ni mke wa mtu, na bado kila akiamka anajishika pete kuhakikisha. Sisi wazima. Wewe je? Na Baba, na mguu wake, na ule mlango wa jikoni unaolia ukiguswa? Mpe Baba shikamoo yangu ya mikono miwili.

Dada, nina furaha mpaka naona haya. Nyumba yetu ni vyumba viwili ubavuni mwa mtambo wa maji, na pampu inanguruma mchana na usiku. Mwanzoni nilidhani sitalala kamwe. Sasa ikizimwa ndiyo naamka. Fundi (siwezi kumwita vinginevyo, na yeye ananiita Bi Fundi mbele za watu) akirudi kazini ana grisi mpaka masikioni, nami nampangusa sikio moja moja kwa ncha ya taulo, tunacheka kama watoto. Juzi aliniletea zawadi, na zawadi yenyewe bomba. Kipande kifupi cha shaba, amekisugua mpaka najiona sura, eti kiwe chombo cha maua. Huku hakuna maua. Nimetia majani, na nikikitazama moyo unanijaa.

Mtandao wa simu hakuna, isipokuwa juu ya tangi la maji. Kwa hiyo kila Jumapili mchana Fundi ananishikia ngazi, napanda, nampigia Baba. Haipokelewi. Inaita kidogo tu, halafu yule mwanamke wa kampuni anasema niache ujumbe baada ya mlio, nami naacha. Nimemhadithia Baba kila kitu: mapazia niliyoyashona pindo upande usio wake, pampu, bomba, jinsi Fundi anavyokoroma kwa mpangilio. Niambie basi, anazisikiliza? Anacheka? Mtu aliyepokea simu za hospitali nzima maisha yake yote, amekosaje kumpigia mwanawe hata mara moja? Au bado kanuna kwamba nimeolewa mbali?

Barua nampa dereva wa lori la dawa za maji, anapita kwenu kila akienda bohari. Usimkaribishe chai, ana maneno yule, hataondoka.

Nakupenda, nampenda Fundi, na leo nalipenda hata tangi.

Mdogo wako,
Kasuku


2 Aprili

Kasuku,

Salamu. Dereva alikuja mara mbili akanikosa. Mara ya tatu alinikuta nimelala na viatu. Ndiyo sababu ya kuchelewa. Sisi tupo. Mlango wa jikoni unalia vilevile.

Nimefurahi kwamba una furaha. Mshukuru shemeji kwa kukushikia ngazi. Sisi tuliokubeba mgongoni tunaijua kazi hiyo.

Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashine moja kati ya mbili imekufa. Mashuka hayana habari hiyo, yanakuja kama kawaida. Yale ya chumba cha upasuaji tunayaloweka kwenye mapipa na kuyasugua kwa mikono. Zamu zimeongezwa, Jumapili nazo. Simu naiacha kabatini kwa sababu ya mvuke, na msimamizi hataki kuziona. Nikirudi nampikia Baba, namwogesha, nampangia dawa, halafu sikumbuki kinachofuata mpaka asubuhi.

Baba hajambo kiasi chake. Simu yake nzima. Usijihangaishe na ngazi kila wiki.

Nilitaka kukuuliza jambo. Ukipata nafasi, hata wiki mbili, ungekuja ukakaa naye, nami nikalala. Si lazima iwe sasa.

Taa imeanza kupepesa. Naishia hapa.

Dada yako


25 Aprili

Dada mpendwa,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo. Fundi amenitengenezea kidaraja cha ubao chini ya ngazi ili nisichafue miguu, akakipaka rangi ya bluu kwa sababu niliwahi kusema bluu ni nzuri. Nilisema mara moja tu, tena siku ya posa, naye akakumbuka. Ningekuandikia ukurasa mzima juu ya ubao huo, lakini nina neno limenikaa kooni.

Dereva alifika jana na barua yako. Alikuwa anashusha mapipa, akasema bila hata kugeuka:

"Mzee wenu anakusalimu. Kasema nikuambie, kama umemsusa useme, aache kukaa akisikiliza."

"Nimsuse? Nampigia kila Jumapili."

"Mimi si simu, Bi Fundi. Nimekuletea kama nilivyopewa."

Dada, sikuweza hata kula. Fundi akaniambia, twende tangini. Akapanda nyuma yangu, tukapiga, akaweka sikio kwenye simu. Ikaita, na kabla sijavuta pumzi, yule mwanamke akaanza maneno yake. Fundi akasema, "Hii hata haijaita. Simu ya mzee mwenye mguu mbaya ilipaswa kuita mpaka mpigaji achoke. Kuna mtu ameifupisha."

Nikamuuliza simu inafupishwaje. Akanieleza kwamba simu isiyopokelewa huhamishiwa mahali, na ule muda wa kuita kabla haijahama unaweza kupangwa. Ukiuacha mrefu, mwenyewe anaiwahi. Ukiufupisha, hata akimbie vipi, ujumbe unaangukia kwingine.

"Kwingine wapi?" nikamuuliza.

Akaanza kushuka ngazi. Anaheshimu wakwe zake, unamjua.

Sasa mimi nauliza. Nani kaifupisha? Lini? Baba anajua? Ujumbe wangu unaangukia wapi? Nani anausikiliza? Na kwa nini uliandika kwamba unamwogesha, wakati kwenye harusi yangu alikuwa anaoga mwenyewe na kutuimbia humo bafuni? Amezidiwa?

Kuhusu kuja tutaona, Fundi naye ana ukaguzi wa pampu mwezi ujao.

Jibu haraka, nakusihi.

Kasuku wako


30 Mei

Kasuku,

Salamu kwako na kwa shemeji. Mwambie masikio yake mazima.

Barua yako niliisoma siku ileile. Kuijibu ndiko kulikonishinda. Kila nikishika kalamu nalala, na karatasi ya kwanza niliiharibu kwa mate. Leo nimeamua kuandika nimesimama, juu ya meza ya kupigia pasi.

Ujumbe wako unaangukia kwangu. Simu ya Baba isipopokelewa inahamia kwangu, na kwa kuwa mimi niko kwenye mvuke na simu iko kabatini, maneno yako yanabaki kwenye sanduku langu la sauti. Fundi simu wa barabarani ndiye aliyeipanga, kwa nyota na reli na tarakimu, mimi nimesimama pale. Akaniuliza, "Iite kwa muda gani, mama? Mfupi kabisa ni sekunde tano." Nikamwambia huohuo.

Unamjua baba yako. Miaka yote ile kwenye swichibodi ya hospitali hakuiacha simu iite mara ya tatu, na alikuwa akijisifia hilo mezani mpaka Mama anamwomba ale kwanza. Mguu umesahau kutembea, lakini sikio halijasahau. Februari, Jumapili moja, simu iliita, akakurupuka kitini bila fimbo. Niliporudi jioni nilimkuta mlangoni mwa jikoni, chini, mkono ameunyoosha kuelekea dirishani, simu inapokaa. Alikuwa pale tangu mchana. Neno la kwanza aliloniambia ni, "Nimeikosa." Hakuvunjika. Lakini tangu siku hiyo haogi mwenyewe.

Sikutaka ujue ilikuwa simu ya nani.

Utasema niisogeze karibu naye. Chumbani hakuna mtandao, ni pale dirishani tu, na jikoni kwetu kiti hakiingii, hata wewe ulikuwa ukipita upande upande. Nilijaribu kuizima sauti. Akawa anasimama kila mara kuikagua kama imekufa. Lakini ikiita kwa kifupi anainua kichwa, inanyamaza, anaketi, anasema, "Wamekosea namba." Hivyo ndivyo anavyobaki mzima mpaka nirudi.

Na usidhani sikumsikilizisha. Nilimsikilizisha mmoja, ule wa mapazia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akatabasamu pale uliposema umeshona pindo upande usio wake. Kisha akaniuliza, "Hii simu iliita mimi nikiwa wapi?" Basi. Siku kadhaa akawa anasimama kwenye mlango wa jikoni, kajishikilia kwenye fremu, hataki kula, asije akaikosa nyingine. Nilishindwa kwenda kazini, wakanikata mshahara. Sikumsikilizisha tena. Nyingine nazisikiliza mimi, kitandani. Na kusema kweli sijafika mwisho wa hata mmoja. Sauti yako inanilaza.

Umeniuliza maswali saba. Mimi nilikuuliza moja.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Salamu.

Nililia kwa sauti mpaka Fundi akaenda kuizima pampu ili asikie ninalia nini. Huko mabondeni watu walikosa maji kwa sababu yangu, na mimi wakati huo sikuona kwamba ni kitu. Nilikuwa nasema neno moja tu, "Alikuwa chini na mimi nacheka." Maana nakumbuka Jumapili ile. Nilicheka kwenye ujumbe. Nilisema, "Baba, pokea basi, au umelala?"

Umefanya vibaya, Dada. Najua unachoka. Lakini umemwacha Baba akae pale akidhani nimemsusa, na maneno yangu yote unayo wewe, mfukoni, unayalalia kama mto. Ungeniambia nisipige. Ungeniambia chochote. Nakuomba urefushe muda wa kuita, urefushe mpaka mwisho wake, na ujumbe ukiangukia mahali uangukie kwake mwenyewe. Kama ni kuanguka, tutafute namna asianguke.

Fundi aliisoma barua yako mara mbili. Nikangoja aseme kitu juu ya Baba. Akasema, "Dada yako hajalala."

Nikamwambia, "Mimi nakueleza habari za Baba."

"Nimesikia. Na mimi nakueleza kwamba dada yako hajalala."

Hatukuwa tumewahi kununiana tangu tuoane. Tulinuniana mpaka jioni, nikaona nyumba imekuwa baridi, nikampangusa masikio.

Swali lako nililiona. Nililiona mara zote mbili nikalipita, kama mtu anayeona ndoo imejaa akapita kando. Hapa kuna mtu hanywi chai mpaka niamke. Sisi wawili tulizoea kunywa chai iliyopoa tukiwa tumesimama, wewe hasa. Naogopa nikiondoka, nikirudi nitakuta ni nyumba tu ya kando ya pampu, na yeye ameshazoea kunywa peke yake. Ni ujinga, najua. Ndiyo jibu nililo nalo leo.

Kasuku


11 Julai

Kasuku,

Salamu. Masika ya maneno yako yamenifikia, na sijakasirika. Kukasirika kunataka nguvu.

Nimeirefusha. Nilirudi kwa yule fundi simu, akabonyeza mambo yake, akasema sekunde thelathini ndiyo mwisho. Nikamwomba aongeze. "Mama," akasema, "hapo ndipo ukuta ulipo. Zaidi ya hapo kampuni yenyewe haitaki." Na ile ya kuhamia kwangu ameiondoa. Baba asipowahi, ujumbe unaingia kwenye sanduku lake.

Thelathini hazimtoshi. Nilimpigia nikiwa nje kwa simu ya jirani, nikimwangalia kupitia dirishani. Nimevipanga vyombo vya nyumba vyote mstari mmoja, apate pa kushika: kitanda, kabati, meza ya pasi, kisha fremu ya mlango. Nyumba inaonekana kama ya watu wanaohama. Alitoka vizuri, ana fimbo mkono mmoja, mwingine unashika vyombo. Alipofika kwenye fremu ikanyamaza. Alisimama pale akiitazama simu kama mtu aliyemtukana. Nikaingia, nikajifanya natafuta chumvi.

Jioni, akila, akasema mwenyewe, "Zamani simu za mbali zilikuwa mbili." Nikamuuliza kivipi. Akasema simu ya kutoka mbali ilikuwa haiunganishwi hivihivi. Kwanza opereta wa huko anakupigia wa huku, anakuambia kuna mtu wa mbali anakuja kwenye laini, mtafute unayemtaka, mkalishe. Halafu ndiyo inakuja yenyewe. Ile ya kwanza hakuna aliyeikimbilia, kwa sababu haikuwa ya mazungumzo, ilikuwa ya taarifa.

Nikamwambia, "Basi Kasuku yuko mbali, Baba."

Akafikiri, akafuta mdomo. "Kama ni utaratibu," akasema, "ni utaratibu."

Kwa hiyo fanya hivi. Jumapili piga, iache iite mpaka yule mwanamke aanze kusema. Usimwachie neno, kata. Hiyo ni ya kumsimamisha. Shuka ngazi, unywe maji, upande tena. Kisha piga ya pili, na hiyo usiikate hata ukiona kimya. Yuko njiani.

Mimi nitakuwa kazini. Sitakuwepo kumdaka. Nimekubali hivyo, na sijui kama nimekubali kwa sababu ni sawa au kwa sababu nimechoka kukataa.

Lile swali langu liache. Niliuliza vibaya.

Dada yako


29 Julai

Dada yangu,

Usishtuke ukiikuta barua hii imeegemezwa kwenye kikombe chako. Safari hii sijampa dereva akuletee.

Jumapili nilipanda tangini. Fundi alizima pampu bila kuombwa, akarudi kunishikia ngazi. Nikapiga ya kwanza. Iliita, ikaita, yule mwanamke akaanza, nikakata. Nikashuka, nikashindwa kunywa maji, nikapanda tena. Nikapiga ya pili. Dada, nilitembea naye. Iliita nikasema kitanda, ikaita nikasema kabati, ikaita nikasema meza ya pasi. Fundi kule chini ananiuliza, "Vipi?" nami namwonyesha kwa mkono anyamaze, kana kwamba Baba angemsikia akateleza. Nikasema fremu. Halafu ikaacha kuita, nikafumba macho kumngoja yule mwanamke.

Hakusema kitu. Nikasikia mtu anahema. Kisha nikasikia mlango wetu wa jikoni unalia, nikajua ameuegemea.

"Haloo, hapa nyumbani. Nikuunganishe na nani?"

Ile sauti yake ya kazini, Dada. Ile tuliyokuwa tunamwigiza tukiwa wadogo.

"Haloo, mpigaji. Laini iko wazi."

"Niunganishe na Baba," nikasema.

"Nani anamtaka?"

"Kasuku."

"Subiri kwenye laini."

Nikasubiri. Sijui alikuwa anafanya nini, nadhani alikuwa anapumzika, au anajipangusa uso. Aliporudi alikuwa na sauti ya nyumbani.

"Mwanangu," akasema. "Lile pindo la pazia, umelifumua?"

Nikamwambia bado. Akasema nisilifumue, wanaopita nje, waliozoea kuona upande wa ndani wa pindo, wataliona limenyooka. Akaniuliza habari za mume wangu, nikaanza kumhadithia, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kusinzia. Tofauti na watu fulani. Nilipotaka kuaga akasema, "Dada yako anarudi analala na viatu. Huwa namfungulia kamba. Anadhani zinafunguka zenyewe."

Hakuniambia nije. Wewe umeshaacha kuniambia. Nilishuka nikamkuta Fundi ameshaliburuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, yuko nje analifuta vumbi, na macho yake hayataki kukutana na yangu. Nikamuuliza nani atakunywa naye chai. Akasema, "Nitaipasha moto mpaka urudi." Unaona kwa nini nampenda mtu huyu.

Basi nimefika leo na lori, nimeongea na dereva njia nzima mpaka amekiri kwamba nimemshinda. Baba alinisikia tangu nje mlangoni. Hakusimama. Alinyoosha mkono tu kutoka kitini, akasema, "Hii sasa ni ile ya pili." Amekula, nimemwogesha, ameimba kidogo. Wewe ulipoingia hukuniona hata kidogo. Ulipita mbele yangu ukaenda moja kwa moja kitandani, na Baba akaweka kidole mdomoni, nisikuite.

Kamba za viatu amezifungua yeye, kama kawaida yake. Viatu nimekuvua mimi. Lile bomba la shaba nimelileta, nimeliweka dirishani karibu na simu, na majani ya kwenu huku ni mazuri zaidi. Nakaa mpaka mashine yenu ipone, na si wiki mbili.

Msimamizi wako nimempigia kwa simu yako, nimemwambia kesho huendi. Amesema maneno, nami nimeyasikiliza yote.

Lala. Simu ikiita, nitapokea mimi.

Kasuku